Kuzima si Kukata

Kontakta ina sauti. Ikipokea amri hufunga kwa kishindo kidogo, tap, na ikiachia hufungua kwa kishindo kingine, chepesi kidogo kuliko cha kwanza. Mtu aliyeishi na tanuri la umeme kwa miaka sita hahitaji kuambiwa kama joto limefika. Anasikia. Mama yangu alikuwa akikanda unga upande wa pili wa bekari, tanuri amelipa mgongo, redio inaimba taarabu, na bado alijua. Tap, hita zinawaka. Tap, zimepumzika. Muda mrefu ukipita bila tap, alinyanyua kichwa.

Bekari yenyewe si kubwa. Ni chumba kimoja na ua, Ngamiani, Tanga, kwenye moja ya zile barabara zilizopewa namba badala ya majina. Inatoa boflo na skonzi, na alfajiri vijana wa baiskeli wanakuja na makreti yao kuchukua za kusambaza. Tanuri lilichomelewa na fundi wa hapo hapo mtaani: kuta mbili za bati, katikati sufi ya kuzuia joto, ndani hita tatu za wati 2000 kila moja. Jumla ni wati 6000, na kwa umeme wa volti 230 hizo ni kama ampea 26. Themostati ilikuwa inapima joto na kuiamuru kontakta, nayo kontakta inaziwasha hita zote tatu kwa mpigo.

Ubaya wa kontakta umo kwenye sauti hiyo hiyo. Kila tap ni vyuma viwili vinavyogongana au kuachana huku umeme ukipita kati yake. Vinapoachana, umeme haukubali kuondoka mara moja. Unaruka kwenye upenyo ule kama cheche, na cheche ile ina moto wa kutosha kula chuma. Kama kontakta ni ya pampu ya maji inayowashwa mara mbili kwa siku, itakuzika. Tanuri la Mama lilikuwa linawashwa na kuzimwa kila dakika moja au mbili, usiku kucha. Mwaka mmoja tulibadilisha kontakta tatu. Ya tatu ndiyo iliyotutia hasara zaidi, maana vyuma vyake viliyeyuka vikagandana, joto likaendelea kupanda bila wa kulizuia, na mikate 120 ikatoka mkaa.

Nilikuwa mwaka wa kwanza wa shahada ya uzamili ya uhandisi wa umeme, Dar es Salaam. Shahada ya kwanza nililipiwa na tanuri lile lile, skonzi kwa skonzi. Mama hakuwahi kunidai. Alinipigia simu tu akasema, "Mwanangu, si wewe ndiye unayesomea mambo haya?"

Dawa inajulikana: rilei ya hali mango. Kariakoo hakuna anayeiita hivyo. Unafika dukani unaomba SSR, herufi tatu zilizochapwa usoni pake, unapewa kipande cha plastiki kinachokizidi kiberiti kidogo, kina skrubu nne na bamba la chuma mgongoni. Skrubu mbili ni za kupokea amri, na volti chache tu zinatosha. Mbili nyingine ni za kazi. Ndipo umeme wa ukutani unapopita. Kati ya pande hizo mbili hakuna waya unaoziunganisha. Amri ikifika inawasha taa ndogo mno iliyofukiwa ndani, taa ambayo hakuna mtu atakayeiona, na mbele yake kuna jicho la silikoni. Jicho likiona mwanga linaifungulia silikoni kubwa njia. Ujumbe unavuka kwa nuru.

Humo ndani hakuna kinachosogea, kwa hiyo hakuna kinachogongana. Tena nyingi zina subira ya ajabu: zikiambiwa washa, haziwashi papo hapo. Umeme wetu hupanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, na kila mara njiani unapita kwenye sifuri. Rilei inausubiri upite hapo, kusubiri kusikozidi mia moja ya sekunde, ndipo inafungua njia. Cheche haipati nafasi. Gharama yake ni joto. Silikoni inajibakizia volti moja na nusu hivi kwa kila umeme unaopita, kwa hiyo kila rilei niliyofunga, ikipitisha ampea karibu 9, inachemka kwa wati 12 au 13. Kwa joto la Tanga hilo si jambo la kupuuza. Kila moja nilibana nyuma yake pande la aluminiamu lenye mapezi, nikaliweka sanduku mbali na ukuta wa tanuri.

Nilifunga tatu, moja kwa kila hita, na themostati ya zamani nikaweka badala yake kidhibiti joto cha tarakimu. Kontakta moja niliibakiza. Sababu ni kwamba rilei ya hali mango nayo hufa, na mara nyingi hufa ikiwa imefunguka njia, haizimi tena, kama ile kontakta iliyoganda. Kwa hiyo kontakta inakaa mbele ya zote tatu na kazi yake ni moja: tanuri likivuka joto lililowekwa, inakata kila kitu. Usiku wa kawaida inasikika mara mbili tu, saa ya kuanza kazi na saa ya kumaliza.

Mama aliliangalia sanduku jipya likifanya kazi kwa saa nzima. Halafu akauliza swali ambalo hakuna mhadhiri aliyewahi kuniuliza.

"Sasa kitu bubu hiki, nitajuaje kama kinafanya kazi?"

*

Nilimwonyesha tarakimu za kidhibiti. Akasema kutoka kwenye meza ya unga hazioni. Nilimwonyesha kila rilei ina kitaa chekundu usoni pake. Akainama, akakitazama, akauliza kinasema nini. Hapo nilisita, kwa sababu jibu la kweli ni kwamba kitaa kile kinasema tu, "Nimesikia amri." Hakisemi kama amri imetekelezwa. Mfanyakazi anayeitikia "naam" akiwa kitandani naye ameitikia.

Tukakubaliana juu ya taa tatu kubwa za rangi ya chungwa, zile za milimita 22 zinazofungwa kwenye masanduku ya umeme viwandani, nizifunge juu ya mlango wa tanuri, kila hita na taa yake. Taa ziunganishwe baada ya rilei, sambamba na hita, ili umeme unaoifikia hita ndio huo huo unaoiwasha taa. Ni waya mbili kwa kila taa. Kazi ya nusu saa.

Kabla ya kusafiri kwenda Tanga nilizijaribu kwanza mezani, chumbani kwangu. Nilifunga rilei moja na taa moja, bila hita, kwa sababu hita ilikuwa ndani ya tanuri kilomita 350 mbali. Nikatoa amri, taa ikawaka vizuri. Nikaondoa amri.

Taa ikafifia, lakini haikuzima.

Nilirudi dukani, si kulalamika bali kusikia watasema nini. Muuzaji aliitazama akacheka, akasema, "Dada, hiyo taa feki, nikubadilishie." Akanipa nyingine. Nayo ikafifia bila kuzima. Fundi mmoja aliyekuwa ameegemea kaunta akasema mbovu ni rilei. Mimi nilijua kwamba hakuna kilicho kibovu, na lile ndilo jambo lililonikosesha usingizi.

Ndani ya rilei, sambamba na ile silikoni kubwa, kuna kapasita ndogo na rezista vilivyowekwa kwa makusudi. Kazi yake ni kumeza mishtuko ya ghafla inayotokea kwenye laini, ili silikoni isifunguke bila kuamriwa. Kapasita kwa umeme wa betri ni ukuta. Kwa umeme wa ukutani, unaogeuka huku na huku mara 50 kwa sekunde, si ukuta, ni jamvi lililofumwa: haupiti wote, lakini unapenya. Nilipima kwa mita, nikakuta miliampea 3.4 zinapita kwenye rilei iliyozimwa. Ukipiga hesabu kurudi nyuma, unakuta kapasita ya karibu mikrofaradi 0.047. Ni kidogo sana. Hita ya tanuri inakula zaidi ya mara 2500 ya kiasi hicho. Lakini taa ya LED haihitaji kingi. Yangu ilikuwa inachukua kama miliampea 18 ikiwaka sawasawa. Ukiipa tatu, inakaa macho nusu.

Nilijaribu na taa ya neoni pia, ile aina ya kizamani, na matokeo yakawa mabaya zaidi. Neoni ni gesi iliyogunduliwa London mwaka 1898 na William Ramsay na Morris Travers, na jina lake linatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya "mpya". Kitaa chake kidogo kinatosheka na miliampea moja. Kikipewa kinachovuja kwenye rilei kinawaka karibu sawa na siku zote, na mtu hawezi kabisa kutofautisha kuwashwa na kuzimwa. Nikakiweka kando.

Usiku ule ndipo nilipoona kwamba Kiswahili kilishalimaliza jambo hili bila msaada wa chuo. Tuna vitenzi viwili. Taa tunaizima. Umeme tunaukata. Hakuna mtu mtaani kwetu anayeona giza limeingia nyumba zote akasema umeme umezimwa kama mshumaa, anasema umekatika. Kuzima ni kuiambia kazi isimame. Kukata ni kutenganisha waya na waya kwa hewa katikati. Kontakta inakata. Rilei ya hali mango inazima tu. Ng'ambo yake waya unabaki na uhai, hata kama ni uhai mwembamba, hata kama amri ya kulala imeshatoka.

*

Mjomba wangu, kaka yake Mama, alikuwa fundi umeme kwenye karakana ya shamba la mkonge mpaka alipostaafu. Yeye ndiye aliyenishikisha testa kwa mara ya kwanza, nikiwa darasa la tano: bisibisi yenye kitaa ndani ya mpini, unagusa waya kwa ncha, unagusa kofia yake kwa kidole, kitaa kikiwaka ujue waya una moto. Siku ile hakunieleza kwamba umeme unaoiwasha taa ile unapita mwilini mwangu. Alinieleza baadaye, nilipokuwa nimekua kidogo, akaongeza kwamba ndani ya mpini kuna rezista kubwa inayoupunguza mpaka mtu asiuhisi. Kisha akasema fundi anayeiamini testa bila kujua inavyofanya kazi ni sawa na anayevuka mto kwa kuwa mwenzake amevuka.

Nilipofika Tanga na taa zangu, nilimwamkia, tukakaa uani na sanduku wazi mbele yetu, nikamwonyesha hesabu.

"Taa ikiwa peke yake inafifia bila kuzima," nilimwambia. "Lakini hita ikiwepo, inazima kabisa."

"Kwa nini?"

"Hita ina omu 26 tu. Kinachovuja kinapita kwenye hita, hakina haja na taa. Volti zinazobaki hazifiki hata moja ya kumi ya volti moja."

Akafikiri. "Kwa hiyo hita ikikatika?"

"Taa itafifia badala ya kuzima."

Hapo tulitofautiana. Mjomba alitaka nifunge rezista sambamba na kila taa, inywe kile kinachovuja, taa izime kabisa daima. Inawezekana. Rezista ya kiloomu 10 ingeishusha taa chini ya volti 35, haina nguvu ya kuwaka, ingawa rezista yenyewe ingechoma wati 5 na ushei kila hita inapofanya kazi. Mimi nilitaka iachwe vile vile. Nilimwambia mvujo ule ni mpelelezi wa bure: hita ikifa, taa inatuambia yenyewe, bila kifaa cha ziada.

"Taa isiyozima vizuri inamzoesha mtu kuidharau," alisema. "Siku moja ataiona imefifia, atasema, ah, ndivyo ilivyo."

"Mjomba, taa inayozima kabisa nayo inamdanganya. Anaona giza, anadhani waya umekufa."

"Basi zote mbili ni mbaya."

"Zote mbili ni mbaya."

Alicheka mpaka akakohoa. Mama, aliyekuwa akitusikiliza kutoka kwenye meza yake, ndiye aliyeamua. Aliuliza taa ina hali ngapi. Nikamwambia tatu: inawaka kamili, imezima, na imefifia katikati. Akasema tatu si nyingi, watoto wake walikuwa watatu na aliwajua wote kwa kukohoa. Ile ya katikati akaipa jina hapo hapo. Akasema, "Hiyo imesinzia."

Rezista hazikufungwa. Lakini Mjomba alikwenda dukani akarudi na kufuli dogo, akalifunga kwenye mpini wa breka kuu ili ikishushwa iweze kufungwa, na ufunguo akautundika kwenye msumari juu ya meza ya Mama. Hakueleza neno. Alichukua kalamu ya wino mzito akaandika juu ya mfuniko wa sanduku, kwa herufi kubwa: KUZIMA SI KUKATA. Nilishangaa, maana ile habari ya vitenzi viwili nilikuwa sijamwambia.

*

Usiku wa kuamkia Idi bekari haipumui. Mama alikuwa na oda ya boflo 300 na skonzi ambazo hakuzihesabu, na alikuwa amemchukua kijana wa kibarua kwa wiki ile moja, mwepesi, mwenye bidii, anayependa kutangulia kabla hajatumwa. Mimi nilikuwa Dar es Salaam na sura ya tatu ya tasnifu. Simu iliita saa tatu na nusu.

"Ya tatu imesinzia," alisema Mama. Hakunisalimia hata.

"Zikiwaka je?"

"Zikiwaka zote sawa. Zikizima, mbili zinazima, ya tatu haizimi."

Hili ni jambo ambalo nalifikiria mpaka leo. Hita ya tatu ilikuwa imekatika waya ndani. Rilei yake ilipowashwa, volti zote 230 zilifika, taa ikawaka kwa fahari sawasawa na wenzake, na ilikuwa inasema uongo: hapakuwa na joto lolote pale. Rilei ilipozimwa, ndipo ile taa ilipotoa ukweli wake mdogo uliofifia. Mtu anayeziangalia taa wakati wa kazi tu asingejua kitu mpaka mikate itoke mibichi upande mmoja.

Nilitaka uhakika. Mita yetu ya LUKU ina kitaa kinachopepesa mara 1000 kwa kila uniti. Wati 6000 kwa saa moja ni uniti 6, ni kupepesa 6000, ni 100 kwa dakika. Nilimwomba Mama azime friji na redio, asubiri hita ziwake, ahesabu kwa dakika moja. Nilimsikia akihesabu kwa sauti, moja, mbili, kama anayehesabu mikate kwenye kreti. Dakika ilipokwisha alikuwa kwenye 67. Wati 4000. Hita mbili.

"Imekatika," nilimwambia. "Endelea na mbili, mikate itachelewa kidogo tu."

"Kijana anasema huenda ni waya umelegea. Ameshafungua kifuniko cha nyuma, anataka kuukaza."

"Tanuri limezimwa?"

Nikamsikia akiuliza, na nikamsikia kijana akijibu kwa mbali, sauti ya mtu aliyeinama: "Taa imezima, mama, karibu yote. Haina moto."

Sijui kama nilipiga kelele. Mwenzangu wa chumbani anasema nilipiga. Nilisema, "Mama, mwambie atoe mkono. Atoe mkono sasa hivi. Shusha breka kubwa, funga kufuli, ndipo unirudie."

Kwenye waya aliokuwa anaukaribia palikuwa na ile miliampea 3.4. Peke yake inauma na kumshtua mtu, na mtu mzima mwenye afya kwa kawaida haimuui, ingawa mshtuko wenyewe unaweza kumtupa kwenye bati la moto. Lakini mvujo ule sio nilioupigia kelele. Kidhibiti kilikuwa bado kina kazi. Joto lilikuwa linashuka kwa sababu mlango wa tanuri ulikuwa wazi. Muda wowote, sekunde ile au ile iliyofuata, kingetoa amri, na rilei ingeitii kimya kimya, bila tap ya kumwonya mtu, ndani ya mia moja ya sekunde. Hapo waya usingekuwa na miliampea tatu. Ungekuwa na umeme wote wa nyumba.

Kwenye simu nilisikia hatua za Mama, za haraka, zikivuka chumba. Kisha mpini wa breka ukishuka, na nyuma yake kontakta ikiachia. Kisha kimya kirefu. Kisha mlio mdogo wa kufuli.

"Nimekata," alisema.

Hakusema nimezima.

Mjomba alifika kwa baiskeli yake baada ya robo saa. Mama aliniachia simu wazi, kwa hiyo nilisikia jinsi anavyofanya kazi, na nilimfahamu kwa vituo vyake. Kwanza aliijaribu mita yake kwenye soketi ya jirani yenye umeme, kuhakikisha mita yenyewe ni nzima. Kisha akapima waya wa hita, akakuta hakuna kitu. Kisha akarudi kwenye soketi ile ile akaijaribu mita tena, kwa sababu kifaa kinaweza kufa katikati ya swali. Baada ya hapo ndipo alipogusa. Aliifungua hita ya tatu, akafunika ncha za nyaya zake, akawarudishia tanuri lenye hita mbili. Oda ya mwisho ilitoka watu wakirejea kutoka kuswali Idi.

*

Nilikwenda Tanga siku ya pili ya sikukuu nikiwa na hita mpya. Kijana alikuwa bado yupo, ingawa kibarua chake kilikwisha. Alinisaidia kufunga. Hakuwa na maneno mengi. Tulipomaliza aliniuliza swali moja: kama giza la taa halimaanishi hakuna umeme, basi taa ina kazi gani?

Nilimwambia taa inatosha kumwambia mtu kwamba umeme upo. Haitoshi kumwambia kwamba haupo. Ikiwaka, iamini, usiguse. Ikizima, hujaambiwa chochote bado. Kuhusu umeme kutokuwepo, waulize breka, kufuli na mita, wote watatu, kwa zamu. Aliyarudia kwa kunong'ona, akihesabu kwa vidole. Kisha akaomba nimfundishe kushika mita, na mchana ule wote tulipima kila soketi ya nyumba, na Mjomba amekaa kwenye kigoda anatusahihisha mahali pa kuweka vidole.

Tasnifu yangu inahusu kitu kingine kabisa, na kwenye meza ya utetezi hakuna atakayeniuliza habari za taa. Lakini nimeanza kusoma karatasi za vifaa kwa namna tofauti. Kila moja ina mstari mmoja wa mkondo unaovuja kifaa kikiwa kimezimwa, umeandikwa chini, kwa herufi zile zile ndogo kama mingine yote. Siku hizi naanza na huo.

Taa tatu bado zipo juu ya mlango wa tanuri, na wenye bekari nyingine wawili wameshaniomba niwafungie kama zile. Mama anaziangalia akiwa mezani kwake na anazisifu kwa wageni. Ila kabla ya kuingiza trei ya kwanza, kila usiku, anafungua mlango, anachota unga kidogo kwa vidole vitatu, anaurusha kwenye sakafu ya tanuri, kulia, kati na kushoto. Anasimama hapo anautazama mpaka ugeuke kahawia pande zote tatu. Nilimuuliza kwa nini anaendelea na jambo hilo wakati taa zote zinawaka.

"Taa inaniambia umeme umefika," alisema. "Sichomi mikate kwa umeme. Nachoma kwa joto."